Nestor Pawlyshyn, Beki wa Mguu Mmoja

Kabla sijasoma neno, ninaomba walioketi karibu na madirisha wayafungue. Baridi ya Aprili haijawahi kumuua mtu wa Nova Dolyna. Wageni wetu wa klabu ya hoki ya barafuni, Wakata Magogo, wameketi safu tatu za mbele, upande wa kulia, na tunawashukuru kwa kuja kwa basi kutoka Fort Brisco, wachezaji wote, huku wakiwa katikati ya mechi za mtoano. Wanashinda. Kwa hiyo hawajafua. Wale mlioingia kanisani mkadhani panya amefia chini ya sakafu, sasa mnajua.

Mimi ni Stefka, mdogo wake marehemu. Klabu iliniletea wasifu uliokwisha kuandikwa, umechapwa kwenye karatasi ya kung'aa, ikaniomba niusome kama ulivyo. Ulianzia mwaka 1976, kana kwamba marehemu alizaliwa ana miaka ishirini na minane na jezi mwilini, na ukaishia mwaka huohuo. Kuhusu mguu wake ulisema kwamba "aliutoa kwa ajili ya timu." Niliposoma hapo nikafungua mlango wa jiko nikautia motoni. Huu ninaousoma nimeuandika mwenyewe, na ndio uliochapwa kwenye karatasi mlizoshika. Marehemu aliniomba niuandike, na akaniambia ni kwa ajili ya nani. Ni kwa ajili ya mjukuu wake Markian, beki wa timu hiyo, aliyeketi mwisho wa safu ya pili. Markian ameingia kanisani leo akichechemea, na tangu juzi kila anayemuuliza kuhusu mguu anajibiwa kwamba si kitu.

Marehemu Nestor Pawlyshyn alizaliwa tarehe 3 Februari 1948 katika shamba la wazazi wetu, maili nne kaskazini mwa kanisa hili, akiwa mtoto wa pili wa Hryhorij na Paraska Pawlyshyn. Theluji ilikuwa imefunga barabara, mkunga akaletwa na farasi. Baba alilima ngano na kufuga ng'ombe wachache, na mama alifua. Nasema alifua kwa sababu ndivyo ninavyomkumbuka, mikono ndani ya maji, msimu wowote. Alikuwa na sheria moja tu nyumbani, kwamba hakuna mtu wa kukaa mezani kwake akiwa ananuka, awe mfalme au mnunuzi wa ngano.

Marehemu alijifunza kuteleza kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe lililoganda, kwa viatu vya barafu vya binamu yetu vilivyojazwa magazeti upande wa vidole. Fimbo alitengeneza baba. Kisahani cha kuchezea, kile kinachopigwa badala ya mpira, hatukuwa nacho, tukatumia mavi ya farasi yaliyoganda, ambayo ni magumu na huteleza vizuri mpaka jua la Machi linapoanza kuyalainisha. Kaka yetu mkubwa, marehemu Wasyl, alipenda kufunga mabao. Nestor alipenda kusimama mbele ya goli na kuzuia kila kitu kwa mwili wake, hata vile ambavyo vingepita pembeni. Siku moja mwishoni mwa Machi alizuia kombora la Wasyl kwa mdomo. Mama alimkokota hadi kwenye pampu, akamsugua meno kwa sabuni ya kufulia, huku akimwambia, "Beki gani wewe? Mtu mwenye akili anaangalia kwanza kinachokuja ndiyo ajirushe." Nestor alikuwa akicheka na povu likimtoka puani. Kesho yake alirudi bwawani akasimama palepale.

Alianza masomo katika shule ya hapa Nova Dolyna mwaka 1954, akaendelea na sekondari mjini hadi darasa la kumi. Hesabu alizipenda. Mwalimu wake alimwandikia baba kwamba kijana huyu angefaa kuwa mpima ardhi. Lakini majira ya baridi ya mwaka 1964 akaja mtafuta vipaji wa timu ya vijana. Alikaa mezani kwa mama, akala sahani tatu za viazi vilivyofungwa ndani ya unga na kuchemshwa, akampapasa Nestor kifua na mapaja kama ninavyowapapasa nguruwe wangu kabla ya mnada, akasema huyu atafaa. Hakuuliza hata mara moja kama mtoto anasoma vizuri. Baba alitia sahihi, na Nestor akaondoka na sanduku moja akiwa na umri wa miaka kumi na sita.

Huko alikaa kwa familia aliyopangiwa na timu, kama ilivyo desturi, na aliandikishwa shule ambayo hakuingia. Kocha wao alisema beki hahitaji kuhesabu zaidi ya watu walio mbele yake. Krismasi ya mwaka 1967 Nestor alirudi nyumbani hana meno ya mbele. Ya bandia aliyatoa wakati wa Chakula Kitakatifu cha mkesha, akayatia kwenye glasi ya maji, katikati ya vyakula kumi na viwili vya desturi yetu, kwa sababu yalikuwa yanamuuma. Mama aliifunika glasi kwa leso na tukaendelea kula. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na hadi leo siwezi kula samaki wa Krismasi bila kuyaona yale meno yakinichekea.

Mwaka 1968 marehemu alitia sahihi mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na klabu kubwa ya mashariki, ambayo haikumchezesha hata dakika moja. Ilimpeleka timu za chini, nazo zikauziana kama watu wanavyouziana trekta bovu. Habari ya kuuzwa kwake mara ya mwisho aliipata kwenye redio, akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Kinyozi alizima redio akamwambia, "Kaa nikumalizie, kaka. Uende huko ukiwa mtu." Marehemu alikisimulia kisa hicho kila Pasaka, na kila mara alimsifu kinyozi na hakumlaumu aliyemuuza. Hivyo ndivyo alivyofika Fort Brisco, Oktoba 1971, kuchezea Wakata Magogo.

Hakuwa beki wa kupanda mbele. Mashabiki waliokuja kuona mabao walikuwa hawamwoni kabisa. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma, kumsukuma mtu ukutani, na kulala chini kisahani kinapokuja. Alikuwa na hesabu yake: aliangalia nyonga za mshambuliaji wala si fimbo, akajua kombora litapita wapi, akawa ameshalala hapo. Makipa walimpenda sana. Mwili wake wakati wa msimu ulikuwa wa kijani na zambarau kuanzia shingoni, na nilipomwambia mara moja kwamba anatia huruma alishangaa kweli, akasema hiyo ni rangi ya kazini.

Sasa nitasema kidogo kuhusu usafi wa kazi hiyo, kwa kuwa wasifu wa kung'aa uliuruka. Nimefuga nguruwe miaka arobaini na sina pua ya kudeka. Kocha wa Wakata Magogo alitafuna tumbaku na kutema kwenye vikombe vya kahawa, na vikombe hivyo aliviacha popote, hata kwenye harusi ya marehemu, karibu na keki. Siku moja Nestor aliuacha mkoba wake wa vifaa kibarazani kwangu. Mbwa wangu aliubwekea, akauzunguka, kisha akajigaragaza juu yake kwa furaha, na ilibidi nimwogeshe mbwa. Nguruwe akipewa nafasi anajitengea sehemu ya choo na sehemu ya kulala. Wachezaji wale chumba kilikuwa kimoja.

Tarehe 14 Julai 1973 marehemu alifunga ndoa na Lorna Hodgins, aliyekuwa akifanya kazi posta ya Fort Brisco. Lorna alimpenda kwa sababu alikuwa mteja pekee aliyebandika stempu zake wima. Walijaliwa binti mmoja, Oksana, mwaka 1975. Ndoa yao ilidumu miaka arobaini na minane na ilikuwa ya utani mwingi. Lorna aliweka sharti siku ya kwanza kwamba mkoba wa vifaa utalala gereji, na ukiingia ndani yeye atatoka. Haukuingia.

Nafika mwaka 1976. Desturi ya Wakata Magogo mnaijua, na leo mnaivuta puani. Timu ikianza kushinda kwenye mtoano, ndevu hazinyolewi. Timu nyingine huishia hapo. Wakata Magogo hawafui. Jezi, fulana za ndani, soksi, kila kitu kinabaki na kilichomo mpaka timu ifungwe au ichukue kombe, na atakayefua ndiye atakayebebeshwa lawama. Masika yale walishinda mfululizo. Kocha aliwafungia hotelini hata mechi zikiwa nyumbani, wasionane na wake zao, kwa hiyo Lorna hakumwona mumewe kwa wiki kadhaa ila kutoka jukwaani.

Katika mechi ya tatu ya nusu fainali, makali ya chuma ya kiatu cha mpinzani yalimkata marehemu mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Mhudumu wa timu alimshona na sigara mdomoni, kisha akamvutia juu soksi ileile. Siku zilizofuata kidonda kikavimba. Marehemu alimwendea nahodha, ambaye pia alilala naye chumba kimoja, akaomba aruhusiwe kubadilisha soksi moja tu. Nahodha alikuwa Wally Friesen, ambaye sasa ni rais wa klabu na ameketi safu ya kwanza. Maneno haya marehemu alinipa yeye mwenyewe, na Bwana Friesen anaweza kunisahihisha baada ya ibada.

"Pawly, hiyo ni soksi ya kushinda," Wally alimwambia. "Ukibadilisha halafu tukafungwa, wenzako utawatazama kwa macho gani?"

"Kidonda kinanuka, Wally."

"Sote tunanuka, bwana. Ndiyo timu yenyewe hiyo."

Tarehe 8 Mei 1976 Wakata Magogo walichukua kombe. Katika dakika ya mwisho marehemu alilala mbele ya kombora na kulizuia kwa mguu uleule. Picha mnayo wote, iko kwenye kalenda za benki na kwenye ukuta wa hoteli. Wiki mbili baadaye alishikwa na homa, na tarehe 2 Juni mguu wake ulikatwa chini ya goti, maana uozo ulikuwa umeshaingia kwenye mfupa. Daktari alitueleza mama na mimi kwenye korido, nami nikamtafsiria mama kwa lugha ya nyumbani. Alisema kama kidonda kingeoshwa kwa maji ya moto na sabuni siku za mwanzo, na kuvishwa soksi safi, mguu ungekuwepo. Mama akauliza ni sabuni ya aina gani. Daktari akasema sabuni yoyote. Mama akakaa kwenye benchi.

Klabu ilifanya nini? Iliichukua jezi yake, ile nyeupe aliyoivaa siku ya kombe, ikaitia kwenye sanduku la kioo mlangoni mwa uwanja, bila kuifua, na chini ikaandika "Jasho la Ushindi." Kifuani ina doa kubwa jekundu lililogeuka kahawia, na watu wote wa Fort Brisco wanajua kwamba ni damu ya Pawly. Kila masika, kabla ya mtoano, sanduku hufunguliwa. Wachezaji hupanga foleni, kila mmoja anagusa doa kwa vidole viwili, anainama, ananusa. Nimeliona hilo kwa macho yangu, wanaume wazima wenye bima za meno wakinusa kwapa la mtu waliyemkatisha mguu, kisha wakifunga macho kama wamepokea komunyo. Nilitoka nje nikatapika kwenye theluji. Sioni haya kulisema mbele ya padri.

Marehemu alipata mguu wa bandia, na kuanzia 1977 hadi alipostaafu mwaka 2011 aliendesha mashine ya kulainisha barafu katika uwanja uleule, akiipita jezi yake kila asubuhi. Wachezaji wengi wa mji ule waliteleza juu ya barafu aliyoitengeneza, na hakuna aliyewahi kuilalamikia. Alikuwa mtu msafi kupita kiasi. Kabati lake la kazini lilinuka sabuni, na Lorna anasema alikuwa akifua hata kamba za viatu. Lakini kuhusu klabu hakutamka neno baya. Hilo lilinitia kinyaa kuliko tumbaku na meno na mkoba. Kila Krismasi nilimuuliza kama haimchefui, ile jezi, ile foleni, yule Wally akimpiga bega na kumwita shujaa. Kila Krismasi alinijibu, "Tulishinda, Stefka," akaomba apitishiwe mkate. Nilitaka aniambie neno moja tu la karaha. Nilianza kuamini kwamba uvundo ule ulikuwa umeshamwingia kichwani, na nilimpenda hivyohivyo kwa shida.

Figo za marehemu zilianza kudhoofika mwaka 2019. Alisafishwa damu hospitalini mara kwa mara, akivumilia na kuwatania wauguzi, mpaka mwishoni mwa Machi mwaka huu alipolazwa asitoke tena. Lorna, Oksana na mimi tulipokezana kando ya kitanda.

Tarehe 2 Aprili Markian alikuja kumwona babu yake akitokea mazoezini. Muuguzi alimtaka aache mkoba nje, kisha akamtaka aache na koti. Marehemu alimtazama akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Hakuuliza habari za mechi. Alimwambia avue kiatu.

"Si kitu, babu. Mchubuko tu."

"Vua nione."

"Babu, si unajua mwenyewe," Markian alisema huku akicheka, na alicheka kwa upendo, simlaumu. "Soksi ya kushinda. Wewe mbona hukuvua?"

Markian alimbusu kipaji cha uso na akaenda, na harufu ikabaki. Nilipokwenda kufungua dirisha, kaka yangu aliniambia nifunge mlango kwanza.

"Stefka," akasema, "ile jezi niliifua."

Nikadhani ni dawa zinazungumza. Nikamuuliza jezi gani.

"Ile ya kwenye kioo. Usiku wa kuamkia fainali. Wally alikuwa chini kwenye baa. Nilijaza bafu la hoteli, nikatia sabuni zote, zile ndogondogo, nikafua jezi, fulana, soksi, kila kitu. Na mguu nikauosha. Ila nilikuwa nimechelewa. Nikaanika kwenye bomba la joto."

Nilimuuliza ilikuwaje wasigundue. Akacheka mpaka mashine ikapiga kelele. Alisema harufu haikuwa tatizo, maana katika chumba cha kuvalia cha timu hata angeingia amevaa maua hakuna pua ambayo ingejua. Tatizo lilikuwa rangi. Jezi ilitoka nyeupe ya kung'aa, na asubuhi ingemsaliti. Mama alikuwa amemwachia mapokezi chupa ya supu nyekundu ya bitiruti, kama alivyofanya kila alipopita Fort Brisco. Akaimimina kifuani.

"Sasa pale wanapogusa," nikasema.

"Supu ya mama," akasema kaka yangu. "Na kitunguu saumu kidogo."

Nilicheka na yeye, kisha nikakasirika. Nilimuuliza kwa nini amenyamaza miaka yote hiyo, akaniacha nimwone mjinga. Akasema, "Ningewaambiaje? Mwaka aliofiwa na mama yake, Wally alikuja akaweka mkono kwenye lile doa akalia. Nilikuwa nimekaa kwenye mashine, namwona. Ungekuwa wewe ungemwambia kwamba amelilia supu?" Kisha akasema neno nililolingoja tangu mwaka 1976. "Ilinichefua, Stefka. Kila siku. Nilikuwa natapika kabla ya kuvaa. Nilivaa kwa sababu nilimwogopa Wally, na nilipoacha kumwogopa mguu ulikuwa umeshaoza. Sasa mtoto ananiambia hukuvua. Anaacha mguu wake uoze ili afanane na mimi, na mimi nilivua."

Nikamwambia amwambie mwenyewe. Alimpigia simu kesho yake na keshokutwa yake, lakini timu ilikuwa imesafiri, na kocha amewanyang'anya simu, kama ilivyo desturi. Hapo ndipo aliponiagiza. Alisema nisimwambie Markian pembeni, kwa sababu Wally atamwambia kwamba mzee alichanganywa na dawa. "Sema mbele ya Wally," alisema, "na mbele ya timu nzima, siku ambayo hawawezi kunyanyuka wakaondoka." Marehemu Nestor Pawlyshyn alifariki dunia alfajiri ya Jumamosi, tarehe 9 Aprili 2022, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, mkewe akiwa amemshika mkono. Timu ilirudi jioni yake, imeshinda.

Kwa hiyo ninasema. Kaka yangu alifua. Wakata Magogo walichukua kombe la mwaka 1976 wakiwa na beki aliyevaa nguo safi na soksi safi, na kombora la dakika ya mwisho lilizuiwa na mguu uliokwisha kuoshwa. Mnaweza kushinda bila uvundo, maana siku ile mlishinda bila wa kwake. Kilichompotezea mguu si kombora wala si ushujaa. Ni soksi moja chafu ambayo hakuna aliyemruhusu kuivua, na uchafu huo ndio mlioutukuza kwenye kioo mkawafundisha watoto waunuse. Ninaona kinyaa. Sasa nimesema kwamba na yeye aliona, na sitalirudia.

Bwana Friesen, umeleta lile sanduku leo ukaomba jezi ilazwe juu ya jeneza bila kufuliwa. Tumeilaza, kwa sababu ni yake, na Lorna amekubali. Ulilie utakavyo doa lile. Mama yetu alikuwa mpishi mzuri, na wewe ulikula mezani kwake zaidi ya mara moja. Marehemu hakukuchukia, na alinisisitiza niliseme hilo pia. Alisema mlikuwa vijana na kila mmoja alimwogopa mwenzake.

Marehemu ameacha mjane, Lorna; binti, Oksana, na mumewe Curtis; mdogo wake, Stefka, ninayesoma; wapwa na watoto wao; na mjukuu mmoja, Markian, ambaye mpaka dakika hii ana miguu miwili.

Padri Bohdan amekubali kwamba jeneza halitatoka kwenda kaburini kwanza. Mbele ya madhabahu kuna beseni, na akina mama wa jikoni wameleta maji ya moto wakati ninasoma. Daktari Sandhu wa kliniki ya mjini ameketi nyuma na mkoba wake. Sabuni ni yoyote. Tutakaa hapa, sote, madirisha wazi, na Nestor akiwa kati yetu, hata kama ni mpaka jioni na mechi yenu iwapite.

Mungu ampe kaka yangu pumziko na amani. Markian, vua.